Maswali Yenu Kuhusu Radi: Ukisikia Ngurumo Usisubiri Mvua

Ndugu wasomaji, niliwaomba mtume maswali kuhusu radi na yamekuja mengi mno. Yanayofanana nimeyaunganisha, na majina nimeyaacha yote maana baadhi yenu mmeandika mambo mazito ya familia zenu. Kuna barua mbili humu nilizisoma nikakaa kimya kwa muda kabla ya kushika kalamu. Pale panapohitaji maelezo marefu nimeeleza, pengine nimejibu kwa kifupi tu.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kocha wa watoto, timu ya chini ya miaka 12. Juzi tuko mazoezini, juu yetu jua linawaka kabisa ila kule mbali kuna wingu jeusi na ngurumo inasikika kidogo sana. Mzazi mmoja akaniambia toa watoto uwanjani, mimi nikasema mvua bado, tumalizie kipindi. Hakikutokea kitu lakini usiku sikulala vizuri. Hivi nilikosea? Na dalili za radi kukaribia ni zipi hasa?

Marahaba kocha. Ulikosea, na nakwambia hivyo kwa upendo kwa sababu kosa lako ndo kosa la karibu kila mtu: tunapima hatari kwa mvua. Mvua sio kipimo. Radi inaweza kutoka ubavuni mwa wingu ikasafiri angani kilomita 10, 15 na hata zaidi, ikapiga mahali ambapo jua linawaka na ardhi ni kavu. Na ngurumo nayo, siku za kawaida, sikio la binadamu huisikia mpaka umbali wa kilomita 15 hivi. Ziweke hizo namba mbili pamoja uone. Yaani ukiisikia ngurumo, hata ile ya mbali kabisa inayosikika kama mtu anaburuza meza ghorofa ya juu, ujue tayari uko ndani ya eneo ambalo radi inayofuata inaweza kukufikia. Huyo mzazi alikuwa sahihi, mtafute umshukuru.

Ngurumo yenyewe ni sauti ya radi, sio kitu kingine. Radi inapopita inachemsha hewa kwenye njia yake hadi nyuzijoto kama 30,000 za Selsiasi, hiyo ni karibu mara 5 ya joto la uso wa jua, na hewa hiyo inatanuka kwa ghafla kiasi kwamba inatoa mlipuko. Kwa hiyo hakuna ngurumo isiyo na radi, hata kama mwanga wenyewe hukuuona kwa sababu ya mawingu au mwanga wa mchana. Mwanga unafika machoni papo hapo, sauti inachukua kama sekunde 3 kwa kila kilomita moja, ndo maana ukiona mmweko ukaanza kuhesabu mpaka ngurumo ifike, ukagawanya kwa 3, unapata umbali. Sekunde 30 ni kilomita 10. Zamani watu walifundishwa kwamba ikishuka chini ya 30 ndo ukimbie, lakini wewe una watoto 20 uwanjani, wengine wanavua viatu, wengine wanatafuta chupa zao za maji, mpaka uwaingize wote ndani zimepita dakika kadhaa. Usikae kuhesabu. Umesikia ngurumo, piga filimbi, wote ndani. Na kurudi uwanjani ni dakika 30 baada ya ngurumo ya MWISHO, ikilia nyingine katikati unaanza kuhesabu upya kutoka mwanzo. Watoto watanung'unika, waache wanung'unike, watu wengi wanapigwa pale mvua inapokata na kila mtu ameona imeisha akatoka.

Sasa dalili. Ya mapema kabisa iko juu, wingu linalokua kwenda juu badala ya kusambaa, kichwa chake kimevimba kama koliflawa, chini ni bapa na jeusi, na likishakomaa kichwa kinatandaza pembeni kama fuawe la mhunzi. Ukiona hilo fuawe, hata kama liko mbali, anza kujipanga. Inafuata upepo: mchana ulikuwa wa joto zito la kunata, ghafla unapigwa na hewa ya baridi usoni, vumbi linainuka. Hiyo baridi inatoka kwenye wingu lenyewe, inaporomoka pamoja na mvua halafu inatambaa mbele yake. Kama mtu ana redio kwenye masafa ya AM utasikia krrr, krrr, kila mkwaruzo ni radi imepiga mahali.

Dalili ya mwisho sitaki uifikie. Nywele zinasimama, ngozi inachonyota kama imetambaliwa na sisimizi, vitu vya chuma kama uzio au nguzo ya goli vinatoa mlio wa kama nyuki, na wengine wanasikia harufu kali kama ya chumba chenye mashine ya fotokopi. Ndani ya wingu vipande vya barafu vinagongana na punje za mvua ya mawe, vile vyepesi vinabaki na chaji chanya vinapanda juu, vile vizito vinashuka na chaji hasi, na wingu likijaa chaji hasi kwa chini basi ardhi iliyo chini yake inavuta chaji chanya juu juu, inapanda kwenye chochote kilichosimama: mti, mlingoti, mtoto wa miaka 11 amesimama katikati ya uwanja. Nywele zikisimama maana yake njia ya radi inaanza kujengwa kupitia kwake, zimebaki sekunde tu. Wapo watu ambao walipiga picha wenzao wakicheka na nywele zimesimama wima, muda mfupi baadaye wakapigwa. Usiruhusu mtu acheke hapo, kimbieni.

Mwalimu habari. Sisi ni wafugaji. Mwaka jana ng'ombe wetu 4 walikufa kwa mpigo mmoja chini ya mti, hawakuwa hata na jeraha. Mdogo wangu aliyekuwa anachunga alikuwa hatua chache kutoka pale, alianguka akapona. Watu wamesema mengi sana kuhusu kwanini wao wafe na yeye apone. Naomba unieleze kisayansi.

Pole sana ndugu yangu, na mpe pole mdogo wako. Nitakueleza taratibu kwa sababu hili likieleweka, maneno mengi ya watu yanakosa nguvu.

Watu wengi wanadhani radi inaua kwa kumshukia mtu kichwani moja kwa moja. Hiyo ipo lakini ni sehemu ndogo sana ya matukio. Inayoua na kuumiza wengi zaidi, watu na mifugo, ni ile inayopita ardhini. Radi ikishapiga mti haiishii pale, inafika kwenye mizizi na kusambaa kwenye udongo pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni, na nguvu yake inapungua kadri inavyokwenda mbali. Sasa wewe umesimama karibu, mguu mmoja uko upande wa mti na mwingine uko mbele kidogo, kwa hiyo volteji chini ya nyayo zako mbili haiko sawa, basi umeme unapanda mguu huu unashuka ule. Kadri miguu ilivyoachana ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa. Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana kama mita moja na nusu, na moyo uko katikati ya hiyo njia. Mdogo wako ana miguu miwili, hatua fupi, na umeme ukipita kati ya miguu ya mtu mara nyingi unapita kwa chini bila kuufikia moyo. Hiyo tofauti ya umbo la mwili, pamoja na zile hatua chache, inatosha kabisa kueleza kwanini amepona. Hakuna aliyechaguliwa.

Na sio ng'ombe wenu tu. Agosti 2016 huko Norwei, kwenye nyanda za juu za Hardangervidda, walikutwa reindia 323 wamekufa mahali pamoja, hawa ni wanyama jamii ya kulungu wa nchi za baridi. Walikuwa wamekusanyika kwa sababu ya dhoruba na radi ikapita kwenye ardhi iliyolowa chini ya kundi zima.

Kuhusu mti wenyewe. Niliwahi kwenda kuuangalia mti mmoja siku iliyofuata baada ya kupigwa. Gome lilikuwa limechanwa kutoka juu hadi kwenye mzizi, utepe mrefu wenye upana wa kiganja unaozunguka shina, na vipande vya gome nilivikuta vimetupwa mbali kabisa, vingine vimejichomeka kwenye udongo. Hakukuwa na moto. Maji yaliyo ndani ya mti yanageuka mvuke papo hapo na mvuke huo ndo unaolipua gome. Niliweka mkono pale kwenye mbao nyeupe nikawaza mtu ambaye angekuwa ameegemea hapo anasubiri mvua ikate. Na hata asingeegemea, radi inaruka kutoka kwenye shina kwenda kwa mtu aliyesimama mita moja au mbili, kwa sababu mwili wenye chumvi na maji ni njia rahisi kuliko mbao.

Kwa hiyo mwambie mdogo wako: wingu likianza kujenga arudi mapema, asisubiri. Ikimkuta porini kabisa hana pa kukimbilia, aondoke kwenye mti ulio peke yake, ashuke kutoka kilimani, aondoke majini, aachane na uzio wa waya kwa sababu waya unaleta umeme kutoka mbali, na kama wako wengi waachane nafasi ili ikipiga wasianguke wote, abaki wa kumsaidia mwenzie. Aendelee kutembea kuelekea mahali salama. Nywele zikisimama na hana pa kwenda ndo achuchumae, visigino vimegusana, kichwa chini, mikono masikioni, ASILALE chali wala kifudifudi maana ukilala umeshakuwa kama yule ng'ombe, mwili mrefu juu ya ardhi yenye umeme. Lakini kuchuchumaa hakumfanyi awe salama, kunapunguza hatari kidogo tu pale ambapo hakuna kingine.

Nikiwa ndani ya nyumba si niko salama? Mume wangu anakataa nisioge wala nisishike simu mvua ikinyesha, mpaka tunagombana.

Dada, kwenye kuoga ana haki, kwenye simu hana.

Nyumba ya kweli, yenye kuta nne, nyaya za umeme na mabomba ya maji, ni sehemu nzuri sana ya kujikinga, na sababu ni hizohizo nyaya na mabomba: radi ikipiga nyumba inapita humo kwenda ardhini badala ya kupita kwako. Sasa ukiwa umesimama bafuni unaoga, au unaosha vyombo, umejiunganisha na ile njia. Hivyohivyo kwa kushika pasi, friji, kompyuta iliyochomekwa, simu ya mezani yenye waya. Simu ya mkononi ambayo haiko kwenye chaja haina shida yoyote, haivuti radi, wala nje haivuti. Ila ikiwa kwenye chaja usiiongelee hapohapo, chomoa kwanza, na kuchomoa kunafanyika KABLA dhoruba haijafika, ngurumo zikishakaribia acha kila kitu kama kilivyo, tivii inanunulika. Ile soketi ya kulinda vifaa nayo haiwezi kuhimili radi iliyopiga karibu, usiitegemee. Kaa mbali na madirisha na milango, usiegemee ukuta wa zege wala kulala kwenye sakafu ya zege maana ndani kuna nondo.

Kibanda ni kitu kingine. Kibanda cha nyasi, banda la uwanjani, kituo cha basi, hema, vinazuia mvua tu. Mwaka 1975 huko Zimbabwe, wakati huo ikiitwa Rhodesia, radi moja iliua watu 21 waliokuwa wamejihifadhi ndani ya kibanda kimoja. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeiweka kwenye rekodi zake kama radi moja iliyoua moja kwa moja watu wengi zaidi. Walikuwa wamefanya kile ambacho wengi wetu tungefanya, wameingia ndani. Ndo maana nasisitiza ndani ya nini.

Mwingine ameuliza kuhusu kizuia radi, ile fimbo ya chuma juu ya paa. Hakizuii radi isije, kinaipokea na kuishusha kwa waya mnene mpaka ardhini, kwa hiyo kama ule waya umekatika au umeibiwa ni heri kisingekuwepo. Kwenye shule na majengo yenye watu wengi kiwekwe, na kikaguliwe.

Gari linakulinda kwa sababu ya matairi ya mpira, ni kweli?

Linakulinda lakini sio matairi. Radi imepita kilomita kadhaa kwenye hewa, sentimita chache za mpira haziwezi kuisimamisha. Kinachokulinda ni bodi ya chuma inayokuzunguka, umeme unapita kwa nje ya bodi unarukia ardhini. Funga vioo, mikono mapajani, usiguse chuma wala redio ya gari. Pikipiki, baiskeli, trekta lisilo na kabati na gari lisilo na paa la chuma havikulindi hata kidogo.

Ni kweli radi haipigi mara mbili sehemu moja? Na vipi vioo na nguo nyekundu?

Inapiga sana tu. Jengo la Empire State kule New York linapigwa zaidi ya mara 20 kwa mwaka. Mlinzi mmoja wa hifadhi ya Shenandoah huko Marekani, Roy Sullivan, alipigwa mara 7 kati ya 1942 na 1977 na zote alipona. Radi inafuata urefu, upweke wa kitu na ncha yake, rangi ya nguo haihusiki, vioo navyo havihusiki. Nisingelisema hili kwa nguvu kama sio barua ya mama mmoja aliyeniandikia kwamba alitumia dakika zake kufunika vioo vyote vya nyumba huku watoto wakiwa nje uani.

Mwenzetu alipigwa na radi tukiwa kazini. Tulikuwa watu sita tumesimama tunamwangalia, wazee wakasema tusimguse ana umeme, atatuua na sisi. Tulimgusa baada ya kama dakika kumi na tano, alikuwa ameshafariki. Hilo neno la kutomgusa ni kweli?

Ndugu yangu, sio kweli. Najua jibu hili linauma na nimefikiria sana kama nikuandikie hapa au nikujibu kwa siri, lakini wapo watu sita wengine mahali fulani ambao watasimama hivyohivyo. Msibebe lawama, mlifanya mlichoambiwa.

Mwili wa mtu aliyepigwa na radi haubaki na umeme. Radi inapita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho na ikishapita imepita, unaweza kumgusa sekunde ileile. Nadhani watu wanachanganya na mtu aliyenaswa na waya wa umeme, huyo kweli usimguse mpaka umezima umeme kwa sababu bado unapita. Ila kama dhoruba bado inaendelea, angalieni usalama wenu pia, kama inawezekana mumsogeze mahali salama kwanza.

Sikiliza kinachoua. Radi inasimamisha moyo na pumzi kwa pamoja. Moyo una kianzishio chake wenyewe, mara nyingi unarudi kupiga peke yake. Pumzi inaamrishwa na ubongo, na ile sehemu ya ubongo imezimia, inachelewa kuamka. Kwa hiyo moyo unapiga lakini hewa haiingii, oksijeni inaisha, moyo unasimama mara ya pili, na hapo sasa ni vigumu kurudi. Kati ya kusimama kwa kwanza na kwa pili ndo pana maisha ya mtu. Mtu mmoja apige simu ya dharura, mwingine aangalie: anapumua? Kama hapumui na haitiki, mlaze chali, weka viganja vyako katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu kushuka kama sentimita 5, haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Baada ya mikandamizo 30 inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 2 mdomoni mpaka uone kifua kinapanda, rudia. Kwa mtu wa radi hizo pumzi ni muhimu mno, usiziruke. Kama ipo mashine ya kushtua moyo itumieni. Msiache mpaka msaada ufike, hata kama mboni zimepanuka na mwili umepoa, kwa mtu wa radi hizo sio dalili za uhakika kwamba amekufa.

Na wakipigwa wengi, anzeni na yule aliye kimya kabisa. Kwenye ajali nyingine tunaanza na wanaoonekana kuweza kupona, kwenye radi ni kinyume: anayelia na kugugumia anapumua, huyo karibu kila mara ataishi, aliye kimya ana dakika chache tu.

Mimi nilipigwa na radi miaka miwili iliyopita, miguu ikafa ganzi ikarudi siku hiyohiyo, na mgongoni nikawa na alama kama matawi ya mti zikapotea. Hospitali wakasema nimepona. Lakini nasahau sana, kichwa kinauma, usingizi hakuna, na nyumbani wanasema najifanya.

Hujifanyi. Wengi wanaopigwa na radi wanaishi, kwa takwimu za Marekani kama 9 kati ya 10, lakini kubaki hai na kupona ni vitu viwili. Miguu kupooza kwa saa chache na zile alama za matawi zinazofutika zenyewe ni vitu vinavyojulikana kabisa kwa madaktari wanaoshughulika na radi. Na hayo unayoyapata sasa nayo yanajulikana: kusahau, kushindwa kukazia akili kwenye kitu kimoja, maumivu ya kichwa, usingizi kupotea, hasira za haraka, mishipa ya fahamu kuuma. Mara nyingi picha za ubongo zinatoka safi kwa sababu kilichoharibika ni namna ubongo unavyofanya kazi, umbo lake liko vilevile, na hapo ndo mgonjwa anaanza kuonekana muongo.

Muone daktari wa mishipa ya fahamu, na ukifika tu mwambie kwamba ulipigwa na radi, tarehe gani, na yapi yalianza baada ya hapo. Nenda na mtu wa nyumbani anayekujua vizuri tangu kabla ya tukio, yeye ataeleza mabadiliko ambayo wewe mwenyewe huyaoni. Masikio nayo yapimwe, ngoma ya sikio huwa inachanika kwa ule mlipuko, na macho pia, maana mtoto wa jicho unaweza kuja miezi mingi baadaye. Huyo wa nyumbani mpe asome ukurasa huu kwanza, kabla hamjaondoka.